Chupa ya Vitana Dirishani

"Hesabu tena, Matangazo! Hesabu hapa mbele ya watu. Wanaume wangapi?"

"Bi Pindo, shusha sauti basi. Nina wembe shingoni kwa mtu."

"Vizuri! Ukimkata, leo angalau damu itaonekana. Mimi umenikata tangu Jumatano na hakuna aliyeniletea hata pamba. Nakuuliza, wangapi?"

"Wawili," nikasema, kwa sauti ya mtu anayetamani wawili wawe mmoja.

"Wawili! Mmemsikia?" Akaligeukia benchi langu la wateja. "Mlango wangu mimi, ule ambao cherehani yenyewe ilibidi iingilie dirishani, leo unapitisha wanaume wawili kwa mpigo!"

Benchi likaguna. Benchi langu huguna upande wa aliyesema mwisho, kwa hiyo nikafungua mdomo haraka. "Bi Pindo, mimi sina ubaya na wewe. Nilichosema ni nilichokiona kwa macho yangu haya mawili."

"Basi ndiyo maana! Jicho moja kila mwanaume!"

Benchi likacheka mpaka likasogea.

Mimi ni kinyozi. Jina nililopewa na wazazi lipo kwenye kitambulisho na huko ndiko linakoishi. Mtaani naitwa Matangazo, na sijawahi kulikataa, kwa kuwa linanikaa kama kofia ya kupimiwa. Kibanda changu kina viti viwili vya kunyolea, vioo vinne, benchi la watu sita linalokaliwa na tisa, na habari. Nywele ni kisingizio tu. Wapo wanaokuja na vichwa nilivyovinyoa juzi, wanakaa, wananiambia, "Pitisha pitisha mashine hapo, huku unatueleza." Kibanda kikijaa nasikia raha hata njaa naisahau. Kikiwa kitupu naongea na redio.

Bi Pindo ni fundi cherehani, mlango wake unatazamana na dirisha langu, hatua kumi na mbili nikitembea kwa haraka, na huwa natembea kwa haraka. Tunamwita hivyo kwa sababu pindo akikunja yeye huwezi kuona uzi ulikopita. Ni mjane wa miaka sita. Asubuhi hiyo alisimama mlangoni kwangu na futi yake ya kitambaa shingoni na pini zimechomekwa kifuani, na naapa kila pini ilikuwa imenielekea mimi.

Hasira yake ilikuwa na haki. Siku hiyo, Jumamosi, saa saba mchana, Fundi Saa alikuwa aje kwake kula chakula na kuzungumza habari za ndoa, yeye pamoja na dada yake mkubwa, mwalimu wa hesabu, aliyemlea tangu akiwa na umri wa miaka mitano na ambaye neno lake ndilo mwisho. Vyungu vilikuwa motoni tangu alfajiri. Saa nne na nusu ukaingia ujumbe kwenye simu ya Bi Pindo. Alinisomea mwenyewe, polepole, kama anayesoma hukumu.

"'Dada anasema tusije. Amesikia kuna mwanaume mwingine anaingia kwako. Nimemweleza hataki. Nisamehe.'" Akaizima simu. "Miaka sita, Matangazo. Miaka sita nimekula mezani peke yangu natazamana na cherehani. Nimepata mtu mmoja mpole, anayefuta miguu kabla ya kuingia. Mmoja! Wewe ukamfanya wawili."

Hapo benchi halikucheka. Na mimi nikafuta wembe ambao tayari ulikuwa safi.

Kabla hujanihukumu, ngoja nikueleze, maana niliona. Jumatano saa kumi jioni nilikuwa nampaka povu Karani, karani mstaafu wa mahakama, mteja wangu wa kila Jumatano na Jumamosi, huyohuyo aliyekuwa kwenye kiti wakati Bi Pindo ananivamia. Nikainua macho dirishani. Sikuwa nachungulia, nilikuwa napumzisha shingo. Shingo yangu hupumzika kila baada ya dakika moja na nusu, na hupumzikia upande wa mlango wa Bi Pindo kwa sababu dirisha limekaa huko, sikulijenga mimi.

Nikamwona mwanaume mnene, shati jeupe, mkoba mkono wa kulia, anatokea upande wa barabara kubwa. Na papo hapo nikamwona wa pili, mwembamba kama fito, shati la kijani, mkoba mkono wa kushoto, anatokea upande wa bomba la maji. Wanakwendeana. Wakasimama kwa pamoja, wakatoa leso kwa pamoja, wakafuta jasho kwa pamoja, kisha wakafika mlangoni na kupotelea ndani. Na hawakusalimiana! Hilo ndilo lililonimaliza. Watu wasio na siri husalimiana.

Kabla povu la Karani halijakauka nilikuwa nimeshamwambia. Kufikia jioni nilikuwa nimeshawaambia kumi na mmoja.

Sasa kinachonifanya nijione mpumbavu wa daraja la kwanza ni kwamba wiki mbili nzima kabla ya hapo nilikuwa nawapa watu haohao mihadhara ya kutokuyaamini macho yao.

Ilikuwa hivi. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anafanya kazi chuo kikuu, idara ya nyota. Paa la jengo lao lilikuwa linatengenezwa, nyumbani umeme unakatika kila saa, kwa hiyo akaja kukaa kwangu kibandani, pembeni kabisa, na kompyuta yake. Watu wakamshangaa. Mtu wa nyota, lakini usiku saa tatu amelala, na mchana saa nne anatazama nyota huku anakunywa chai! Akawaeleza kwamba picha zimeshapigwa na darubini iliyo juu huko nje ya hewa yetu, kazi yake yeye ni kuzipima, kidoa kwa kidoa. Kwenye picha aliyokuwa anaihangaikia kulikuwa na uzi mwembamba wa mwanga uliopinda kama kipande cha hereni, na kwenye uzi huo vidoa viwili. Miezi mitano alikuwa anajiuliza swali moja: hizi ni nyota mbili, au ni moja inayoonekana mara mbili?

Akanielewesha, na nitakuelewesha wewe kama nilivyowaelewesha wateja, bila kuongeza chumvi. Kuna nyota ziko mbali kiasi kwamba mwanga wake ulianza safari kabla Dunia yenyewe haijakuwapo. Darubini peke yake haiwezi kuiona nyota moja ya huko. Lakini njiani kunaweza kuwa na kundi la magalaksi, yaani miji mikubwa ya nyota, mamia ya magalaksi yamebanana kama watu wa benchi langu, na uzito wa kundi hilo unapinda njia ya mwanga. Mwanga uliokuwa unapita kando unakunjwa kuja kwetu, na nyota iliyokuwa haionekani inakuzwa mara elfu na zaidi. Kundi zima linakuwa lenzi. Na kwa kuwa mwanga unaweza kupita upande huu na upande ule wa lenzi hiyo, kitu kimoja kinatokea mara mbili, picha ya pili imegeuzwa kama kwenye kioo.

Nililielewa somo hilo kwa siku moja nikalifundisha kwa wiki mbili. Nilikuwa nasimama katikati ya kibanda, wembe juu, nasema, "Kitu kimoja, picha mbili! Ndugu zangu, msidanganywe na macho!" Nilijipa uprofesa. Mzee mmoja aliacha hata kunyolewa, akabaki kusikiliza.

Basi tulipofika pale pa Bi Pindo kuzima simu na mimi kufuta wembe, ikatoka sauti pembeni kwenye kompyuta.

"Mjomba," alisema mpwa wangu. "Nani alitangulia kuingia?"

"Hee! Na wewe?"

"Nauliza tu. Walikuwa wawili, mlango ni mwembamba. Nani alitangulia?"

"Wote pamoja."

"Jibu ulivyoulizwa, shahidi," akadakia Karani kutoka kwenye kiti, shavu moja limenyolewa, la pili lina povu. Mahakama iliacha kumlipa, yeye hakuiacha.

"Nimejibu! Waliingia pamoja. Huyu anatoka huku, yule anatoka kule."

"Wakasimama pamoja," mpwa wangu akasema.

"Wakasimama pamoja."

"Mnene ameshika mkoba kulia, mwembamba ameshika kushoto."

"Haswa! Unaona, mambo madogo madogo kama hayo mwongo hawezi kuyatunga." Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu. Mbele ya mashahidi.

Mpwa wangu akasimama, akaja dirishani. Ukutani kwangu kuna rafu, na kwenye rafu hiyo siku zote hukaa chupa yangu kubwa ya kioo, ya mviringo, nene kama paja, imejaa maji ya dawa ya kijani ninamolowekea vitana. Siku zote, isipokuwa tangu Jumatano ile. Rafu ilichukua kompyuta. Chupa ilihamia dirishani.

"Mimi ndiye niliyeiweka hapa," alisema. "Jumatano asubuhi, ulipokwenda kuteka maji. Mama, tafadhali toka nje, nenda barabara kubwa, halafu rudi ukiingia kwako. Shika kitu mkono wa kulia. Mjomba, simama ulipokuwa umesimama."

Bi Pindo akaangalia huku na huku, akachukua ufagio wangu kwa mkono wa kulia, akatoka. Mimi nikasimama nyuma ya Karani. Nikainua macho.

Naomba unielewe, mimi ni mtu mzima. Nina wajukuu wawili. Lakini nilipowaona akina Bi Pindo wawili, mmoja mnene na ufagio kulia, anatoka barabara kubwa, na wa pili mwembamba kama fito, kijani mwili mzima, ufagio kushoto, anatoka upande wa bomba la maji, wanakwendeana bila salamu, nilikaa kwenye mapaja ya Karani.

"Shahidi ameona nini?" akauliza Karani, akihema.

"Bi Pindo wawili," nikasema. "Na mmoja amepungua."

Kibanda kikalipuka. Benchi zima likahamia dirishani, kila mtu anataka kuona. Bi Pindo akarudi, akasukuma watu, akamtuma mmoja wao atembee, naye akachungulia kwenye chupa. Nikajua nimekwisha.

"Shati la kijani," akasema hatimaye, taratibu. "Siku tatu najiuliza, ni nani mtaa huu ana shati la kijani. Mashati yote ya mtaa huu nayajua, mengi nimeyashona mimi. Nikasema labda ni kitambaa cha dukani. Kumbe ni dawa ya vitana."

"Kwetu sisi lenzi ni uzito tu," mpwa wangu akasema. "Haipaki rangi. Picha mbili za nyota moja huja na rangi ileile, hiyo ndiyo inatusaidia. Rangi zikitofautiana, tunaanza kuwaza kwamba ni nyota mbili. Chupa ya Mjomba imemvisha mtu shati."

"Mwanangu, wewe vidoa vyako viwili umeshamwambia nani?"

"Bado. Sijawa na hakika. Nasubiri picha nyingine."

"Miezi mitano?"

"Ndiyo, mama, miezi mitano."

Bi Pindo akanigeukia. Akanirudishia ufagio wangu mkononi. Ningependa angenipiga nao.

"Nitamweleza Mwalimu," nikasema. "Sasa hivi. Nitakwenda mwenyewe."

"Utakwenda na chupa," alisema. "Mdomo wako peke yake haufiki popote."

Ndivyo nilivyopita mtaani saa tano na nusu nimekumbatia chupa ya vitana kama mtoto mchanga. Mpwa wangu mbele. Nyuma Karani, ambaye alisema kesi haiendi bila karani, kitambaa cha kunyolea bado shingoni, ndevu upande mmoja. Mpwa wangu alinionya, "Mjomba, usimwambie mtu njiani." Watu tisa walituuliza tunakwenda wapi. Nilijibu wawili tu. Nadhani hiyo ni rekodi yangu ya maisha.

Mwalimu alikuwa sebuleni anasahihisha madaftari. Ni mama mrefu, mkavu, kalamu nyekundu sikioni. Ndugu yake alikaa kwenye kona, saa ya ukutani imefumuliwa mezani mbele yake, na hakuwa anaitengeneza. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa ajili ya saa saba.

"Kinyozi," Mwalimu akasema. "Umekuja kuniongezea? Maana mimi wamenifikia watatu."

"Watatu! Mimi nilisema wawili tu!"

Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka nikajua si utetezi. Lakini nataka niseme ukweli, moyoni niliumia kidogo kama fundi. Mtu umetoa kazi safi, wengine wanaichezea njiani.

"Watatu," alirudia. "Mmoja ana sanduku. Ndugu yangu aliniapia kwamba Jumatano aliingia peke yake kurekebisha saa. Nikamwambia mtu aliyependa si shahidi."

"Dada," Fundi Saa akaanza.

"Wewe tulia."

Nikaomba radhi. Niliomba vizuri, nikajiita majina ambayo hata Bi Pindo hakuyafikia. Mwalimu akaendelea kusahihisha. "Samahani si jibu," alisema. "Nionyeshe njia."

Tukaiweka chupa dirishani kwake. Mpwa wangu akamwomba Fundi Saa akatembee uani na mkoba wake. Mwalimu akasimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaangalia. "Rudi," akasema. "Tena. Sasa mkoba kushoto. Tena. Simama. Toa leso." Alimtembeza maskini yule mara saba. Akasogeza kichwa kulia, akasogeza kushoto, akaisogeza chupa kwa kidole. Mwisho akachukua daftari tupu akachora mstari unaoingia kwenye duara na kutoka umepinda, akamwonyesha mpwa wangu, mpwa wangu akatikisa kichwa kukubali, na kwa dakika mbili wale wawili wakazungumza lugha ya pembe na nyuzi, na habari ya vile vidoa viwili vya miezi mitano, mimi nikabaki nimesimama kama kigingi.

"Na wewe hivi ndivyo unavyopima nyota?" Mwalimu akauliza.

"Karibu hivi. Ila lenzi yangu siwezi kuisogeza kwa kidole."

"Na ukakaa miezi mitano hujasema."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mjomba wako alitazama kwa muda gani?"

Mpwa wangu akaniangalia. Ana huruma yule mtoto, alitaka nijibu mwenyewe.

"Kati ya povu na wembe," nikasema. "Sekunde tatu. Nne nikijipendelea."

Fundi Saa alikuwa amerudi mlangoni, jasho linamtoka, mkoba mkononi. "Dada, basi twende," alisema. "Saa saba imekaribia."

"Mimi nimeridhika," Mwalimu akasema. "Lakini mimi si mtaa. Wewe ukioa pale, utaishi na mtaa, na mkeo atapishana nao kila asubuhi kwenye bomba la maji. Kinyozi, uliwaambia wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Nenda kwa wote kumi na mmoja. Habari ile ilinifikia kwa muuza mboga, bila mimi kuuliza. Na hii inifikie kwa muuza mboga, bila mimi kuuliza. Ikifika, tunakuja."

"Na isipofika?"

Akalifungua daftari jingine. "Wewe si ndiye Matangazo?"

Sijawahi kufanya kazi kama saa ile. Uongo wangu ulikuwa umefika kwa Mwalimu kwa siku mbili, wenyewe, bila kusukumwa. Ukweli ilibidi niubebe mikononi na ulikuwa unamwagika dawa. Nilikwenda kwa mshona viatu, nikaweka chupa kwenye meza yake, nikamtembeza jirani yake. Nikaenda kwa mama wa maziwa. Nikaenda kwa fundi baiskeli, ambaye alisema haelewi, nikamrudia mara tatu, kumbe alikuwa ameelewa tangu mwanzo, alipenda tu kunisikia nikisema "nilikosea". Kila mahali watu walitaka kujiona wembamba. Kwa mshona viatu foleni ilifika hadi barabarani. Mtu wa saba alikuwa amelala, nikamwamsha. Karani alihesabu kwa vidole na kutangaza, "Shahidi wa saba amesikilizwa." Jua likawa kali, povu likamkaukia shavuni, na hakulalamika hata kidogo, alisema tangu astaafu hajapata siku kama hiyo.

Mtu wa kumi na moja alikuwa muuza mboga mwenyewe. Alisikiliza, akachungulia, akanyunyizia mboga zake maji. "Sawa," akasema. Sawa tu! Nikarudi kibandani miguu inauma, nikairudisha chupa kwenye rafu, nikaiambia kompyuta ndiyo ihame.

Saa saba ikapita. Kibanda kilikuwa kitupu, watu wote wamekwenda kula kwao. Karani alikaa kwenye kiti chake akasinzia. Bi Pindo alikuwa amekaa kwenye kizingiti chake, amebadilisha nguo, amevaa gauni la buluu ambalo sijawahi kuliona, mikono mapajani. Hakuniangalia. Harufu ya chakula ilivuka zile hatua kumi na mbili ikaja kunisuta. Nikaona ule mlango ulivyo mwembamba. Miaka yote nimeutazama na sijawahi kuuona.

Saa saba na robo. Saa saba na nusu. Bi Pindo akainuka, akaingia ndani, nikasikia mfuniko wa chungu ukiwekwa juu ya chungu.

Saa nane kasoro dakika kumi nikawaona wanatokea barabara kubwa. Mwanaume mnene, shati jeupe. Pembeni mama mrefu mkavu. Nilifikicha macho. Nikaegemea huku, nikaegemea kule, nikahakikisha hakuna kitu dirishani. Wawili. Nikamwita mpwa wangu aje ahakiki. "Wawili, Mjomba," alisema, "na huyu wa pili ni dada yake."

Mwalimu hakwenda moja kwa moja kwa Bi Pindo. Alisimama kwanza mlangoni kwangu.

"Imenifikia," alisema. "Muuza mboga amekuja mpaka jikoni kwangu kunieleza. Anasema kinyozi wa kule kwa Bi Pindo ana ugonjwa wa macho. Kila kitu anakiona viwili, miaka mingi sasa, anaficha. Anasema mwaka juzi alimnyoa mtu sikio akidhani ni lile la pili, lisilokuwapo. Anasema watu wajihadhari na wembe wake."

Nikafungua mdomo. Mwaka juzi! Sikio! Mimi ambaye miaka ishirini sijamkwaruza mtu! Nilikuwa na maneno kama mia hivi yamepanga foleni nyuma ya meno, kila moja la kweli. Nikamwona Fundi Saa nyuma ya dada yake, anafuta viatu vyake kwenye majani, tayari kuingia kwa Bi Pindo, anafuta kimoja, anafuta cha pili, anarudia cha kwanza.

Nikaufunga mdomo. Ulikuwa mgumu kama mlango wenye kutu, lakini ulifunga.

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema. "Ni macho."

"Pole," akasema, na nadhani, siapi, nadhani alicheka kidogo. Wakavuka. Mlango ukafunguliwa kabla hawajabisha hodi. Aliingia Mwalimu kwanza, kisha Fundi Saa, mmoja mmoja, upande upande.

Nikakaa kwenye benchi langu la watu sita, peke yangu katikati. Sikuwasha redio. Mpwa wangu alikuwa amerudi kwenye picha yake, anapima umbali wa vidoa vyake viwili, anaandika, anafuta. Nikamuuliza, "Sasa wewe, kwa siri kabisa, kati yangu na wewe, ni moja au mbili?"

"Mjomba."

"Basi, basi."

Nilikuwa namaliza shavu la pili la Karani, polepole kuliko siku zote, mlango wa ng'ambo ulipofunguka, na Bi Pindo akasimama kizingitini kwake na mwiko mkononi. Pini hazikuwapo kifuani.

"Matangazo!"

"Naam, Bi Pindo."

"Mko wangapi humo ndani?"

Nikamwangalia Karani. Nikamwangalia mpwa wangu. Nikajigusa kifua. Nikazunguka, nikawahesabu tena kutoka upande wa pili.

"Watatu," nikasema.

"Una hakika?"

"Nimehesabu mara mbili. Bila chupa."

Akaninyooshea mwiko, akaushusha.

"Basi naweni mikono mje mle, kabla chakula hakijapoa. Na mpite mmoja mmoja, mlango wangu ni mwembamba."